Kinywa cha Tano katika Nyumba ya Bi Msiwa

Hapo zamani, si zamani ya majini wala ya wafalme, bali zamani ile ambayo mabomba ya maji yalikuwa yamekwisha kuingia majumbani na watu hawajajifunza kuyatilia shaka, palikuwa na mjane mmoja katika mji wa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na nne. Jina lake Msiwa binti Hatibu. Wako waliomwita Bi Siwa, lakini jina alilopewa na baba yake ni Msiwa, na ndilo tutakalomwita.

Mumewe aliitwa Mwinjuma bin Shaha. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, na nyumba hiyo aliijenga kwa mikono yake: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vyumba vitatu kushoto, na uwa nyuma. Chumba kimoja cha mbele alilala yeye na mkewe. Chumba cha mbele cha pili, chenye dirisha pana la kutazama barabara na mlango wake wa barazani, alikifanya cha kupokelea wageni. Vya nyuma aliwapangisha watu.

Bwana Mwinjuma alipofariki, aliogeshwa katika chumba cha nyuma upande wa kulia, kwa sababu sakafu yake ilikuwa bado ya udongo. Desturi ni kwamba maiti huoshwa juu ya shimo lililochimbwa chini ya kitanda, ili maji yake yaingie humo yasikanyagwe na mtu. Shimo hilo huitwa ufuo. Aliyeuchimba ufuo siku ile alikuwa mpangaji wake, Salehe Mhando, Mzigua wa Handeni. Mhando akachimba, maiti ikaoshwa, ufuo ukafukiwa, watu wakaenda makaburini wakarudi. Bi Msiwa akakaa eda. Eda ilipokwisha, akakisakafia chumba kile saruji ili pahali pale pasikanyagwe ovyo, akakifunga.

Baada ya hapo maji yakaanza.

Kwanza ukuta wa ukumbini ulitoa jasho. Kisha chokaa ikabanduka. Kisha lipu ikavimba kama ngozi iliyoungua, na ukuta wa chumba cha kando nao ukafuata. Ilikuwa kiangazi, mbingu kavu, na ukuta unalia.

Majirani wakasema, "Ni ufuo huo. Marehemu ana jambo lake." Bi Msiwa akasoma khitma. Ukuta ukaendelea kulia. Akasoma khitma ya pili, akatoa sadaka ya mikate na maziwa. Ukuta ukaendelea kulia. Kila Shaabani, kama nyumba zote za Ngamiani, nyumba yake ilipakwa chokaa kuukaribisha mwezi mtukufu, na chokaa ikawa nyeupe hadi Idi. Idi ikipita, doa likarudi, tena limenenepa. Kwa hiyo kila mwaka, kwa mwezi mmoja na siku chache, Bi Msiwa aliamini kwamba ukuta umepona.

Na lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kila alasiri, akisha kuswali, alikuwa akipita ukumbini na kuweka kiganja chake juu ya ule ubichi, akasema polepole, "Umeshindaje, Bwana Mwinjuma?" Kisha akaendelea na kazi zake. Miaka miwili alifanya hivyo.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Januari, alikuja shemeji yake, Kombo bin Shaha, mwenye mashamba ya michungwa Muheza. Alipouona ukuta alishika kiuno.

"Shemeji, nyumba hii itakuua! Ukuta huu umebeba paa zima. Ukianguka, utaokotwa vipande vipande."

"Ukuta wa kaka yako hauanguki," alisema Bi Msiwa.

"Kaka yangu alikuwa mtu wa reli, shemeji, hakuwa Nabii."

Kombo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu. Akaenda akamleta mkaguzi wa majengo wa mji. Mkaguzi akabonyeza ukuta kwa kidole, na kidole kikaingia hadi kifundo. Akakichomoa, akakitazama, akasema, "Mama, masika yanaanza Machi. Mvua ikiukuta ukuta huu katika hali hii, utaanguka. Nitarudi mwisho wa Februari. Nikiukuta mkavu, kaa kwa amani. Nikiukuta hivi, nyumba ihamwe na ibomolewe."

Alipokwisha kwenda, Kombo alisema kwa upole, "Kwangu kuna chumba, shemeji."

"Na wapangaji wangu?"

"Watatafuta pengine."

Wapangaji walikuwa watatu, na wote walikuwa wamesimama mlangoni wakisikia. Wa kwanza, Mwantumu binti Sheuya, mwanamke aliyeachika, muuza vitumbua. Wa pili, Rajabu Shemhilu, fundi saa, aliyefanyia kazi yake chini ya upenu wa duka la Mhindi, jua likimpiga kisogoni. Wa tatu ndiye huyo Salehe Mhando, mkata mkonge aliyestaafu, mwenye magoti yanayouma, ambaye chumba chake kilielekeana na kile cha ufuo.

Bi Msiwa akawatazama mmoja mmoja. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akaweka nadhiri mbele ya shemeji yake.

"Wallahi, mmoja wenu atakayeikomboa nyumba hii na maji haya, chumba cha mbele cha Bwana Mwinjuma ni chake mpaka afe. Hatalipa hata senti."

Chumba kile kila mmoja alikuwa akikitamani kwa siri. Mwantumu alikitaka kwa dirisha lake: angeweka meza, akauza vitumbua bila kuzunguka na sinia kichwani. Shemhilu alikitaka kwa mwanga wake. Mhando alikitaka kwa ukavu wake, kwa ajili ya magoti.

*

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwantumu.

Alikwenda ukumbini, akapitisha kidole juu ya ubichi wa ukuta, akakilamba.

"Astaghfirullah!" alisema Shemhilu. "Unalamba maji ya maiti?"

"Ninalamba maji ya bomba, Fundi. Maji ya ardhi ya Ngamiani yana chumvi. Kila aliyekunywa ya kisima anajua. Haya hayana. Nimekanda unga miaka kumi na miwili, ulimi wangu haunidanganyi."

Siku ya Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, akawaambia wenzake wafunge koki zote: ya jikoni, ya bafuni na ya uwani. Akazunguka mwenyewe akazikaza moja moja, akaweka ndoo chini ya kila moja aone kama litadondoka hata tone. Wanaume wakaenda msikitini. Barabara yote ikanyamaza. Mwantumu akamshika Bi Msiwa mkono, akamketisha kwenye kigoda mbele ya nyumba, palipokuwa na mita ya maji ndani ya kisanduku chake cha chuma. Akafunua kifuniko.

"Tazama kile kishale chekundu, mama. Kinazunguka pale tu maji yanapopita. Sasa hivi hakuna anayechota. Kikisimama, mimi muongo."

Wakatazama. Bi Msiwa alidhani kimesimama. Kisha akaona kwamba hakikusimama. Kilikuwa kinakwenda polepole sana, kama mzee anayetoka kitandani, lakini kinakwenda. Hotuba ikasikika kwa mbali, ikaisha, swala ikaswaliwa, na kishale kilikuwa kimezunguka mara mbili na robo.

"Humu ndani tunaishi watu wanne," alisema Mwantumu. "Kuna kinywa cha tano kinakunywa mchana na usiku. Wewe umekuwa ukimlaumu Mzee Mhando kwamba anaoga sana, ndiyo maana bili inapanda. Mzee wa watu haogi hivyo."

"Labda ni..." alianza Bi Msiwa, akasita.

Mwantumu alimshika bega. "Mama, marehemu hapitii kwenye mita."

Bi Msiwa alikitazama kishale kile kwa muda mrefu, akahisi kitu kimemtoka kifuani, wala hakujua kama ni mzigo ameutua au ni mali ameibiwa. Alasiri ile hakupita ukumbini.

*

Basi ikajulikana kwamba bomba linavuja ndani ya nyumba. Lakini linavuja wapi?

Wote waliamini kwamba bomba limepita chini ya ukumbi, kutoka mbele kwenda uwani, kwani ndiyo njia iliyonyoka, na bwana wa reli angefuata njia gani nyingine? Mhando akachukua sururu. Akavunja sakafu ya ukumbi karibu na mlango wa mbele, akalikuta bomba. Akavunja katikati ya ukumbi, hakulikuta. Akavunja mwisho wa ukumbi, hakulikuta. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Bomba lilikuwa limekata kona chini kwa chini, na mwenye kujua lilikoelekea yuko kaburini.

"Alilipitisha mwaka gani, mama?" aliuliza Shemhilu.

"Mwaka niliokuwa Pongwe nikimwuguza mama yangu. Niliporudi, nilikuta maji yanatoka uwani. Nani angeuliza yamepita wapi?"

"Tufuate ubichi," alisema Mhando. "Tuchimbe pale ukuta ulipolowa."

"Hapana," alisema Shemhilu. "Maji hayakuonyeshi yalikotoka, yanakuonyesha yalikofika. Tone likiingia ndani ya saa kutoka juu, mimi hulikuta chini, kwenye gurudumu la mwisho. Na ukichimba kandokando ya ukuta huu, Mzee Mhando, utauangusha kabla ya masika hayajauangusha."

Zikapita siku kumi na moja. Kila siku Mhando alisema atachimba hapa, kila siku Shemhilu akamzuia. Siku ya kumi na mbili, Shemhilu akarudi mapema kutoka kazini na kuingia jikoni kwa Mwantumu, akachukua mchi wa kinu.

"Unakwenda kutwanga nini na mikono yako hiyo laini?" aliuliza Mwantumu.

"Ipua kikaango chako. Nataka kimya. Na wewe, Mzee Mhando, usikohoe."

"Kikohozi changu hakingoji ruhusa."

"Basi kakikohoe barazani."

Shemhilu alizikusanya saa zake zote, kumi na saba kwa hesabu, akazifunika kwa blanketi nje uwani zisimsumbue. Kisha akausimamisha mchi wima juu ya sakafu, ncha moja chini, na ncha ya pili akaibana sikioni, akafumba macho. Akasikiliza karibu na mlango. Akainuka, akapiga hatua mbili, akasikiliza. Akainuka, akapiga hatua mbili, akasikiliza. Ukumbini hakusikia kitu. Chumbani kwake, ukutani, alisikia kwa mbali. Akamwomba Bi Msiwa ufunguo wa chumba cha pili ya ukuta ule, kile kilichofungwa.

Bi Msiwa alisitasita, kisha akafungua mwenyewe. Hakuwa ameingia humo tangu saruji ilipokauka. Shemhilu akasikiliza pembeni, akasogea, akasikiliza, akasogea. Katikati ya chumba alisimama asisogee tena.

"Hapa," alisema. "Njoo usikilize, mama."

Bi Msiwa akainama, akaweka sikio lake juu ya mchi. Akasikia chini ya miguu yake sauti ndogo, isiyokatika, kama mafuta yanapoanza kupata moto.

Akainua kichwa, akaona pahali ambapo mchi umesimama.

"Hapo ndipo ufuo ulipokuwa," alisema.

Shemhilu akauachia mchi ukaanguka. Mwantumu akajishika mdomo. Fundi saa yule, aliyeigundua sauti kwa sikio lake, alitoka chumbani kinyumenyume.

"Mimi kazi yangu nimeimaliza," alisema akiwa mlangoni. "Mikono ya saa haishiki sururu. Na hapo, wallahi, hata ingekuwa inashika, nisingepiga."

"Hapachimbwi," alisema Bi Msiwa. "Heri ukuta uanguke. Maji aliyoogeshwa mume wangu siyafukui."

Akafunga mlango. Zilibaki siku kumi na saba mkaguzi arudi.

*

Mhando alikuwa amesimama ukumbini. Hakwenda chumbani kwake. Bi Msiwa akampita, akarudi, akamwona bado yuko pale.

"Mzee Mhando, una nini?"

"Mama, keti kidogo."

"Nitaketi nikiambiwa kwa nini."

"Siku ile nilipokuwa nachimba ufuo," alisema Mhando, "pigo la mwisho jembe liligonga kitu kikalia. Kilikuwa chuma. Nyumba imejaa watu, wewe unalia, maiti iko kitandani inangoja. Nikasema moyoni, hiki ni chuma kikuukuu cha reli, Bwana Mwinjuma alikuwa akikusanya. Nikakiacha pale pale, nikatoka shimoni."

Bi Msiwa akaketi.

"Ukuta ulipoanza kulia, watu walisema ni marehemu. Nami nilisema ni marehemu. Sikuwa nadanganya, mama, nilisadiki. Lakini Mwantumu aliposema habari ya mita, Ijumaa ile, nililisikia tena lile jembe."

"Ijumaa ile!" alisema Mwantumu kutoka mlangoni mwa chumba chake. "Ukavunja ukumbi mzima, ukijua?"

"Nilijua na nikatumaini kwamba siyo. Niliomba bomba liwe ukumbini. Kila nilipopiga sururu, nilisema, Ya Rabi, liwe hapa."

"Na siku kumi na moja ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje? Kwamba mimi niliyempa mumewe heshima ya mwisho, ndiye niliyeitoboa nyumba yake? Nilikosa ulimi."

Mhando akapiga magoti, magoti yale yanayouma, mbele ya Bi Msiwa. "Mama, yale maji ya ufuo yalikwenda zake siku ile ile, ardhi iliyanywa. Yaliyo pale sasa ni maji ya bomba nililolijeruhi kwa mkono wangu. Usiiache nyumba ianguke kwa kumheshimu marehemu, na kumbe unaliheshimu kosa langu."

Adhana ya alasiri ilipoisha, Bi Msiwa alikuwa bado ameketi. Akamfikiria Bwana Mwinjuma: namna alivyokuwa akiamka kabla ya alfajiri akasikia treni inapita, akasema, "Gurudumu la behewa la tatu ni bovu," na kesho yake ikaonekana ni kweli. Mtu huyo hangevumilia chuma kinavuja chini ya paa lake, halafu watu wakasema ni yeye.

"Angeona haya," alisema kwa sauti. Akaondoka, akafungua mlango. "Chimba, Mhando. Chimba kwa adabu."

Mwantumu akaifunga koki ya mita. Mhando akasema Bismillahi, akavunja saruji kwa sururu, kisha akaiweka sururu kando na kuchimba kwa mikono, akitia udongo ndani ya karai kidogokidogo, naye Bi Msiwa akisimama juu yake na tasbihi. Akachimba mpaka jua likafika dirishani. Udongo ulikuwa tope baridi. Kisha vidole vyake vikagusa chuma. Akakifuta. Bomba lilikuwa limekata chumba mshazari, na mgongoni lilikuwa na kovu la jembe, na katikati ya kovu kutu ilikuwa imekula tundu dogo, haizidi punje ya mchele.

"Mwantumu! Fungua koki kidogo!"

Mwantumu akafungua. Uzi mwembamba wa maji ukaruka, ukampiga Mhando usoni. Mzee akacheka na kulia pamoja. Akalifunga tundu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaukaza kwa waya, mzunguko juu ya mzunguko. Bi Msiwa alikwenda mwenyewe kukitazama kishale chekundu. Kilikuwa kimesimama. Akangoja. Kilikuwa kimesimama kweli.

Kesho yake akaitwa fundi bomba, akakata kile kipande kibovu, akatia kipya, akalipwa, akaenda zake. Chumba kikaachwa wazi, milango na madirisha, upepo ukaingia na kutoka. Siku ya tano ukuta uliacha kutoa jasho. Siku ya kumi ulianza kubadilika rangi, ukaanza kukauka kuanzia juu kuja chini. Mwisho wa Februari mkaguzi alirudi, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikakataa kuingia. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kikakataa.

"Piga lipu mpya, mama," alisema, "na uishi."

Wiki ya pili ya Machi masika yaliteremka juu ya Ngamiani usiku na mchana, na mara ya kwanza katika miaka mitatu, maji yote yalikuwa nje ya nyumba.

*

Ikabaki nadhiri.

Shemeji Kombo alikuja kutoka Muheza na kapu la machungwa. Akapendekeza chumba kigawanywe: asubuhi vitumbua, mchana saa, usiku mzee alale. Bi Msiwa alikuwa amekwisha kumwuliza mwalimu wa msikitini, naye alimjibu, "Uliapa kwa mmoja, mpe mmoja. Nadhiri si andazi la kumegwa." Basi wote wakakaa barazani, mvua ikipiga bati.

Akasema Mwantumu: "Mama, kabla yangu mlikuwa mkisoma khitma. Hakuna aliyejua kwamba kuna cha kutafutwa. Ni mimi niliyesema ni bomba, nikakuonyesha kwa macho yako. Asiyejua kwamba anaumwa hamwiti mganga. Chumba ni changu."

"Wewe?" alisema Mhando. "Si wewe uliyekuwa ukiegemeza chungu chako cha unga kwenye ule ukuta, usichachuke kwa joto? Miaka miwili ukuta umekupozea unga, hukuulamba hata siku moja. Umeulamba kilipotajwa chumba."

Mwantumu akatazama chini. "Ni kweli, niliegemeza chungu. Nilidhani ni baraka yake."

Akasema Shemhilu: "Kujua kwamba nyoka yumo nyumbani si kazi, kazi ni kujua yuko chini ya kitanda gani. Mngechimba nyumba nzima ikawaangukia. Mimi niliweka mchi juu ya tundu lenyewe. Hata shibri sikukosea. Chumba ni changu."

"Ukakimbia," alisema Mwantumu. "Nyoka ulimwonyesha kwa kidole, kisha ukatoka kinyumenyume kama bwana harusi aliyekosea nyumba."

Kombo alicheka mpaka chungwa likamtoka mkononi. Shemhilu hakucheka. "Nilikimbia," alisema. "Lakini sikukimbia na jibu. Jibu nililiacha pale."

Kisha wakamgeukia Mhando. Mhando alikuwa ameyafunga magoti yake kwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu.

"Mimi nitasema yangu, ingawa najua mtakalosema," alisema. "Mita haikuziba tundu. Mchi haukuziba tundu. Mama alikuwa amekwisha kusema heri ukuta uanguke, na mngemtii. Neno langu ndilo lililomfungulia mlango, na mkono wangu ndio uliozuia maji."

"Na mkono wako ndio uliotoboa!" walisema wawili kwa pamoja.

"Anayenichoma kisu," aliongeza Shemhilu, "hadai shukrani kwa kunishona."

"Nilitoboa nikimchimbia marehemu ufuo," alisema Mhando, "na hakuna mwingine aliyeshika jembe siku ile. Nilinyamaza siku kumi na moja. Hilo ni dhambi yangu, nami nimelisema mbele yenu, wala hakuna aliyenilazimisha. Ningenyamaza mpaka leo, mngejua?"

Mvua ilizidi, ikapungua. Bi Msiwa aliwatazama watu wake watatu, na moyoni mwake alimpenda kila mmoja kwa namna yake. Mwantumu alimwondoa katika miaka miwili ya kuuamkia ukuta. Shemhilu alimsikilizisha kile ambacho hakutaka kukisikia. Mhando alimjeruhi, akamficha, akamwambia, akamponya. Kama nyumba imesimama, imesimama kwa watatu. Na chumba ni kimoja, na kiapo ni kwa mmoja.

Akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa chumba cha mbele juu ya kiganja chake.

Sasa, nyinyi mnaosikiliza, msinitazame mimi. Mmoja alijua kwamba maji yapo. Mmoja alijua mahali yalipo. Mmoja ndiye aliyeyafungulia, na ndiye aliyeyafunga. Mwendo wa Bi Msiwa ni hatua tatu tu kumfikia yeyote kati yao. Je, kama kiganja kile kingekuwa chako, ufunguo ungempa nani?